Rebbe wa Lubavitch na hoja ya Masihi: Wayahudi wanabishania nini hasa

Jumapili ya tarehe 12 Juni 1994, Rabi Menachem Mendel Schneerson, Rebbe yaani kiongozi wa kundi la Kiyahudi la Chabad-Lubavitch, alifariki hospitalini Manhattan akiwa na umri wa miaka 92. Alizikwa siku hiyohiyo katika makaburi ya Montefiore, Queens, ubavuni mwa baba mkwe wake. Wengi wa wafuasi wake walilia. Wachache walicheza na kuimba, kwa imani kwamba muda si mrefu angejidhihirisha kuwa Masihi. Zaidi ya miaka 30 baadaye, ubishi huo bado unawagawa watu wanaosali chini ya dari moja.

Kabla ya kuendelea, tuondoe mkanganyiko mmoja. Watu wanaojiita "Wayahudi wa Kimasihi" ni waumini wa Yesu, na makala haya hayawahusu. Tunaowazungumzia hapa ni Wayahudi wa Kiothodoksi wanaoshika sabato, wanaokula kosheri, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria yao, na kusoma kila siku Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, ambao baadhi yao wanaamini kuwa Masihi ni rabi wao wa Brooklyn.

Chabad-Lubavitch ni tawi la Wahasidi, harakati ya kiroho ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, lililoanzishwa mwishoni mwa karne ya 18 na Rabi Shneur Zalman wa Liadi. Jina Lubavitch ni la mji mdogo wa Urusi ulikokuwa makao yake kwa muda mrefu. Kiongozi wake huitwa Rebbe. Rebbe wa sita, Yosef Yitzchak Schneersohn, aliponea chupuchupu mikononi mwa Wanazi, akafika New York mwaka 1940 na kufariki 1950. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1951, mkwewe Menachem Mendel alikubali kushika nafasi yake.

Hotuba ya siku hiyo ndiyo mzizi wa mengi yaliyofuata. Alisema kizazi chake ni cha saba tangu mwanzilishi, na kwamba wa saba hupendwa, kama Musa alivyokuwa wa saba kuanzia Abrahamu. Kazi ya kizazi cha saba, alifundisha, ni kukamilisha kuushusha uwepo wa Mungu duniani. Hakusema "mimi ndiye". Lakini msikilizaji aliyejua kuhesabu angeweza kumalizia mwenyewe.

Kwa miaka 40 iliyofuata aliituma jamii iliyokuwa imebaki na watu wachache baada ya vita na Stalin ikaenee duniani. Wanandoa vijana walipelekwa miji ya mbali kuishi huko maisha yao yote, kufungua sinagogi, shule na jiko la kosheri. Malori yaliyopewa jina la vifaru vya amri za Mungu yalizunguka mitaa ya New York yakiwaita wanaume Wayahudi kuvaa tefilini, visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani wakati wa sala. Kila kampeni ilifungwa na wazo lilelile: tendo moja zaidi linaweza kumleta Masihi. Wafuasi walipoanza kusema hadharani kwamba Masihi ni yeye, aliwakemea zaidi ya mara moja.

Mambo yaliongezeka kasi baada ya mwaka 1988, mkewe Chaya Mushka alipofariki. Hawakuwa na mtoto, na hapakuwa na mrithi. Tarehe 11 Aprili 1991 aliwashangaza wasikilizaji kwa kuwaambia kwamba yeye amekwisha kufanya aliloweza, sasa ni zamu yao wafanye kila wawezalo kumleta Masihi. Dola ya Kisovieti ilikuwa inaporomoka na Wayahudi wakimiminika Israeli. Kwa watu wa Chabad hizo zilikuwa dalili. Machi 1992, akisali kaburini kwa baba mkwe wake, alipigwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kusema. Kuanzia hapo wafuasi waliimba mbele yake maneno ambayo leo ni alama ya kundi: aishi bwana wetu, mwalimu wetu na rabi wetu, Mfalme Masihi, milele na milele. Kutoka kwenye roshani alitikisa kichwa au mkono. Je, alikuwa anakubali, au ni mgonjwa aliyekuwa akiwapa moyo watu wake? Kila upande una jibu lake, na picha za video ni zilezile.

Tukija kwenye sheria, ndipo penye utamu. Masihi wa Kiyahudi ni binadamu: mfalme wa ukoo wa Daudi atakayejenga Hekalu Yerusalemu na kuwakusanya waliotawanyika. Kumngojea ni kanuni ya 12 kati ya kanuni 13 za imani zilizopangwa na Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, katika karne ya 12. Kumdhania mwalimu wako kuwa ndiye si uzushi pia. Talmudi, katika sehemu iitwayo Sanhedrin, ukurasa wa 98b, inasimulia jinsi wanafunzi wa kila chuo walivyompa Masihi jina linalofanana na la mwalimu wao: wa Shila wakasema ni Shilo, wa Hanina wakasema Hanina. Wengine wakasema jina lake ni Menachem, jambo ambalo watu wa Lubavitch hawajalisahau.

Kipimo chenyewe kimo katika Mishneh Torah, kitabu cha sheria cha Maimonides, sehemu ya sheria za wafalme, sura ya 11. Kinaenda kwa hatua mbili. Akitokea mfalme wa nyumba ya Daudi, mwenye bidii ya Torati na amri zake, akawashurutisha Israeli wote waifuate na kuziba nyufa zake, akapigana vita vya Mungu, basi huyo anadhaniwa kuwa Masihi. Akifaulu, akajenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya waliotawanyika, basi ni Masihi kwa yakini. Miujiza haitakiwi. Mfano ni Bar Kokhba, aliyewaongoza Wayahudi dhidi ya Roma mwaka 132 hadi 135: Rabi Akiva mwenyewe, mwanazuoni mkubwa wa zama hizo, alimdhania kuwa Masihi, wala hakumwomba ishara, alipouawa ikajulikana kuwa siye.

Hapa msomaji anapaswa kujua jambo la vitabu vyenyewe. Sentensi inayofuata, ile inayosema kwamba asipofaulu kufikia hapo, au akiuawa, inajulikana kuwa si huyo aliyeahidiwa na Torati, bali ni kama wafalme wote wema wa nyumba ya Daudi waliokufa, haimo katika chapa nyingi za kawaida. Wakaguzi wa Kikristo waliiondoa kwa sababu inaongoza kwenye maneno juu ya Yesu. Imebaki katika miswada ya mkono na chapa zisizokatwa. Sura hii pia si kitu kilichojificha: mwaka 1984 Rebbe mwenyewe aliagiza kitabu kizima kisomwe kila siku, sura tatu kwa siku, ili kikamilike ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo pande zote mbili huikuta kila mwaka na kuijua neno kwa neno.

Wanaomwamini hupita hatua moja moja. Ukoo wa Daudi wanaupata kupitia Maharal wa Prague, rabi mashuhuri wa karne ya 16 na babu wa Waschneerson kwa mapokeo. Kushurutisha Israeli ni zile kampeni. Vita vya Mungu ni vita vya kiroho, na malori yaliitwa vifaru. Hekalu ndilo gumu zaidi, nao hujibu kwa jengo la makao makuu, namba 770, Eastern Parkway, Brooklyn. Herufi za Kiebrania zina thamani ya namba. Maneno "nyumba ya Masihi" hutoa 412 na 358, jumla 770. Ndiyo maana nakala za jengo hilo la matofali mekundu zimejengwa sehemu nyingine, ikiwemo Kfar Chabad, Israeli. Na kifo? Maimonides ameandika "akiuawa", wao husema, na Rebbe hakuuawa. Kisha hunukuu mstari mwingine wa Sanhedrin 98b: kama ni miongoni mwa walio hai, ni kama Rabi wetu Mtakatifu (yaani Rabi Yuda, kiongozi wa Wayahudi wa zama za Talmudi), kama ni miongoni mwa wafu, ni kama Danieli.

Hoja hizi ni dhaifu kuliko zinavyosikika mara ya kwanza. Neno "asipofaulu" linatosha peke yake bila "akiuawa": hakuna Hekalu lililojengwa Yerusalemu, na hesabu za herufi hazijengi ukuta. Wafalme anaofananishwa nao wametajwa waziwazi kuwa walikufa. Na mstari wa Danieli, Rashi, mfafanuzi mkuu wa Talmudi, ameueleza kwa njia mbili: ya kwanza inaruhusu Masihi atoke kwa wafu, ya pili inasema tu kwamba ukitaka mfano wa mtu wa namna hiyo miongoni mwa waliotangulia, Danieli ndiye. Kuifunga imani nzima kwenye njia moja ya ufafanuzi wenye njia mbili ni kuegemea ukuta uliopasuka.

Kwa nini basi wakosoaji walipandwa na hasira kiasi kile? Jeraha la kwanza ni la Shabbatai Zvi. Huyu alizaliwa Izmir mwaka 1626, akatangazwa Masihi mwaka 1665, Wayahudi wa nchi nyingi wakaamini, wengine wakauza mali zao wakisubiri safari ya Yerusalemu. Septemba 1666, mbele ya Sultani wa Uthmaniyya, alisilimu ili kuokoa maisha yake. Baadhi ya wafuasi wake hawakumwacha hata hapo. Walitunga mafundisho ya kueleza kwa nini Masihi alilazimika kuanguka. Marabi walijifunza kwamba hatari kubwa huanza baada ya matarajio kushindwa, pale watu wanapoyapamba badala ya kuyaacha.

Jeraha la pili linahusu Ukristo. Mwanahistoria David Berger, Myahudi wa Kiothodoksi aliyebobea katika mijadala ya zama za kati baina ya dini hizo mbili, alionyesha kwamba kwa karne nyingi Wayahudi waliwajibu Wakristo hivi: Masihi hafi kazi ikiwa nusu, kisha akarudi kuimalizia. Wakiruhusu dai hilo kwa Rebbe, jibu hilo limekwisha. Mwaka 1996 Baraza la Marabi la Marekani lilipitisha azimio kwamba katika dini ya Kiyahudi hapajawahi kuwa na nafasi ya imani kuwa Masihi ataanza kazi, afe, azikwe na kufufuka kabla ya kuimaliza. Berger alikwenda mbali zaidi: anayehubiri imani hiyo asikubaliwe kama rabi. Wengi walimsifu kwa maandishi na kumwacha peke yake kwa vitendo. Huko Israeli, Rabi Elazar Shach wa Bnei Brak alikuwa ameipiga vita Chabad hata Rebbe akiwa hai.

Kimya cha wengine kina sababu zake. Sheria ya Kiyahudi hupima zaidi matendo, na hawa wanashika sabato. Halafu Myahudi anayesafiri atakula wapi? Katika miji mingi ya dunia nyama ya kosheri, sinagogi na mlo wa Ijumaa jioni vyote viko mikononi mwa Chabad. Uongozi rasmi wa Chabad ulitoa matamko miaka ya 1990 ya kukataa kumtangaza Rebbe kuwa Masihi, lakini haukuwafukuza wanaoamini. Ni funika kombe mwanaharamu apite, na imefanya kazi kwa kiasi chake.

Ndani ya Chabad kwenyewe zipo ngazi. Wapo wanaosema alistahili kuwa Masihi lakini Mungu hakutaka, basi. Wapo wanaotumaini atafufuka, wakaliweka moyoni. Wapo wanaolihubiri. Na wapo wanaosema hakufa kamwe, amefichwa tu machoni petu. Hawa hawazuru kaburi lake, na katika ukumbi wa chini wa 770 huandaa kiti chake na kumfungulia njia katikati ya umati kama anapita. Mtu asiyejua hayo akisikia "Chabad wanaamini Rebbe ni Masihi" amepewa nusu ya habari.

Kwa anayetaka kutofautisha, aangalie vifupisho baada ya jina. Myahudi akitaja marehemu mwema huongeza herufi zenye maana ya "kumbukumbu yake iwe baraka". Kwa rabi aliye hai huongeza "shlita", dua ya kuishi siku nyingi. Chapisho linaloandika "shlita" baada ya jina la Rebbe limeshasema msimamo wake. Ishara nyingine ni bendera ya njano yenye taji, na kofia iliyotariziwa maneno ya "aishi" pembezoni. Picha ya Rebbe ukutani haithibitishi chochote, ipo kila nyumba ya Chabad.

Herufi hizo chache zimefika hadi mahakamani. Kibao cha jiwe la msingi huko 770 kilipowekwa kikimtaja Rebbe kama marehemu, vijana walikiharibu, na mwaka 2004 ugomvi ukawa kesi. Mahakama ya Brooklyn iliamua kuwa majengo ni ya taasisi kuu za Chabad, si ya wasimamizi wa sinagogi wenye mrengo wa Masihi, lakini ukumbi wa chini uliendelea kuwa mikononi mwa hao wasimamizi. Januari 2024 ilijulikana hadharani kwamba vijana wa mrengo huo wamechimba handaki la mita zipatazo 18 chini ya majengo, wakisema wanatimiza hamu ya Rebbe ya kupanua sinagogi. Lori la saruji lilipoletwa kulifukia walizuia kazi, wakabomoa paneli za ukuta, na polisi wakakamata watu 9.

Kwa upande wetu wa Afrika, Chabad ina kituo Kinshasa tangu 1991 kinachohudumia Afrika ya Kati, na nyumba zake zipo pia Nairobi na Kampala. Wasichanganywe na Abayudaya wa eneo la Mbale, Uganda, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu wakati wa Semei Kakungulu mwaka 1919. Hao wana historia yao, na suala la Rebbe si lao.

Jambo moja pande zote za Chabad zimekubaliana bila kikao: hakuna Rebbe wa nane. Lina mfano mmoja uliotangulia. Nachman wa Breslov alifariki mwaka 1810, na Wahasidi wake hawajateua mwingine hadi leo. Wapinzani waliwabeza kwa kuwaita Wahasidi wa maiti. Wao walijibu kwa kuendelea kusoma vitabu vyake na kusafiri kila mwaka mpya wa Kiyahudi kwenda kaburini kwake Uman, Ukraine, na idadi yao imezidi kukua. Kaburi la Queens nalo hupokea wageni usiku na mchana, wanaoandika maombi kwenye karatasi, kuyasoma, kuyachana na kuyaangusha juu ya kaburi.