Kuoanisha sauti na picha ni nini?

Kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Waganda, kabla ya harusi), mpiga video huwa amesimama nyuma ya mahema, mbali na msemaji wa upande wa bibi harusi. Akitegemea maiki ya kamera pekee, atakachopata ni jenereta, watoto na vigelegele. Kwa hiyo humbandika msemaji maiki ndogo kifuani, waya ukaingia kwenye rekoda iliyo mfukoni mwa kanzu. Jioni anarudi na faili mbili zisizojuana. Kuoanisha (mafundi husema kusinki, wala si sinki la vyombo) ni kuzipanga faili hizo kwenye programu ya kuhariri mpaka mdomo na neno viende pamoja.

Njia ya zamani ni kofi moja mbele ya kamera, vifaa vyote vikiwa vinarekodi. Kwenye picha unatafuta fremu (picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye video) ambayo viganja vinagusana. Kwenye mchoro wa sauti unaona mwiba mrefu. Unavikutanisha, basi. Siku hizi programu kama DaVinci Resolve hulinganisha zenyewe mchoro wa sauti ya kamera na ule wa rekoda. Ndiyo maana usizime maiki ya kamera hata kama sauti yake ni mbovu.

Ila programu hiyo ina mtego. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyo mita 34 kutoka kwa msemaji huisikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu mbili na nusu, na programu itaiga ucheleweshaji huohuo. Isogeze sauti safi kidogo kuelekea mwanzo wa video, iwahi. Ukikosea, heri ichelewe kuliko itangulie mdomo: tumezoea kumwona mtu ng'ambo ya bonde akipasua kuni, shoka likishuka kabla ya mlio. Mlio kabla ya shoka hakuna aliyewahi kuusikia.

Halafu kuna kuteleza. Saa ya ndani ya kamera na ile ya rekoda hazilingani sawasawa; tofauti ya sehemu 20 tu kwa milioni huzaa milisekunde 72 kwa saa moja, karibu fremu mbili. Hotuba fupi haidhuriki. Kwanjula ya saa nne itaharibika taratibu, mwanzo sawa, mwisho mdomo umeachwa. Hapo fundi hukata sauti penye kimya, msemaji anapokunywa maji, na kuirudisha mahali pake.