Si kila kitabu hukaa maktaba milele

Dhana kwamba maktaba nzuri haiondoi kitabu rafuni imekaa vichwani mwetu miaka mingi. Mtu akiona maboksi ya vitabu yakitolewa, husema elimu inatupwa. Sivyo.

Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 1967, na ina kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kutunza kumbukumbu ya taifa: kwa mujibu wa sheria, wachapishaji nchini hupeleka huko nakala za machapisho yao, nazo hizo huhifadhiwa. Ya pili ni kuazimisha na kusomesha, na hapo rafu lazima ipumue.

Chukua atlasi inayoonyesha Zaire, au Sudan ikiwa bado nchi moja. Kwa mwanahistoria ni hazina. Kwa mtoto wa darasa la sita anayejiandaa kwa mtihani, inampotosha, na kuiacha mbele yake ni kumkosea. Hali ya hewa ya pwani nayo haina huruma: unyevunyevu huleta ukungu, kurasa zikashikana, na ukungu huo huhamia kitabu cha jirani.

Kwa hiyo mkutubi huangalia mambo kadhaa: kitabu kimeazimwa lini mara ya mwisho, kimepitwa na wakati, ipo nakala nyingine? Ndiyo maana hata msaada wa vitabu chakavu, ingawa hutolewa kwa moyo mwema, unaweza kumwongezea mzigo. Kabla ya kuvipeleka, muulize kwanza anahitaji nini.