Je, wajua? Doa jekundu la yuglena si jicho

Chota maji ya kijani kwenye dimbwi lililotuama, uyatazame kwa hadubini, na huenda ukamwona yuglena: kiumbe wa seli moja, urefu wake takriban sehemu ya ishirini ya milimita, anayeogelea kwa mjeledi uliotokeza mbele. Ana kloroplasti kama mmea, hivyo mwanga ni riziki yake, naye huufuata. Karibu na shina la mjeledi ana doa jekundu. Wengi wakiliona husema: hilo hapo jicho.

Hata Christian Ehrenberg, bingwa wa hadubini wa Ujerumani, aliamini hivyo. Katika kitabu chake cha 1838 aliwapa viumbe hawa viungo kamili, hata matumbo kadhaa kila mmoja. Mwaka 1882 Theodor Engelmann alimsogezea yuglena kivuli kutoka mbele. Yuglena alishtuka kivuli kilipogusa ncha yake isiyo na rangi, kabla hakijalifikia doa.

Doa ni vitone vya mafuta vyenye karotenoidi, rangi za ukoo mmoja na zile za karoti. Halioni kitu. Kinachohisi mwanga ni kivimbe kilichopo kwenye shina la mjeledi, na doa limekaa ubavuni mwake kukitilia kivuli.

Kivuli kinamfaa nini anayetafuta mwanga? Simama juani saa kumi na moja jioni, ufumbe macho, uzunguke palepale. Ukilielekea jua, kope zinang'aa. Ukilipa kisogo, giza. Mwanga na giza vinapokezana kila mzunguko, nawe unajua jua liko upande. Rudia saa sita mchana, jua likiwa utosini: zunguka utakavyo, mwanga haubadiliki. Yuglena naye huogelea akijizungusha, na doa ndilo kisogo chake. Mwanga ukitoka ubavuni, kivimbe hufunikwa mara moja kila mzunguko, na kila kikifunikwa mjeledi humgeuza kidogo. Akishaelekeana na chanzo, kupokezana kunakoma na safari inanyooka.

Hayo ndiyo maelezo ya kawaida, lakini si wote wanayakubali yalivyo. Wapo wanaosema kivimbe chenyewe, kwa jinsi molekuli zake zilivyopangwa, hupokea mwanga zaidi kutoka pande fulani, na doa ni msaidizi tu. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walitambua humo protini inayohisi mwanga wa buluu kwa kutumia flavini, kemikali ya jamii ya vitamini B2. Ushahidi kwamba protini hiyo humwezesha yuglena kuukimbia mwanga uliozidi ukali ni imara. Kwa kuufuata mwanga, ubishi haujaisha.

Astasia longa, jamaa yake asiye na kijani wala doa, bado hushtuka na kugeuka anapopigwa na mwanga mkali wa buluu.