Mayai mamilioni si akiba ya samaki

"Sangara hawezi kwisha, anataga mamilioni." Kauli hii husikika mialoni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, Ggaba hadi Kasensero, na watu huitoa kama hoja ya kutetea nyavu za matundu madogo. Imerudiwa mno, na hesabu yake iko kichwa chini miguu juu.

Chukua jike aliyetaga mayai milioni tano maishani mwake. Ili sangara wasiongezeke wala wasipungue, wanaohitajika kukua na kuzaa ni wawili tu: wa kushika nafasi yake na wa kushika nafasi ya dume. Waliobaki, 4,999,998, ni wa kufa. Yai la sangara huelea bila mlinzi; likinusurika, kifaranga huliwa au hukosa chakula. Basi wingi huo wa mayai hupima vifo, haupimi shibe ya ziwa.

Sangara wa sentimita 40 ndiye aliyekwishapenya tundu hilo la sindano. Ukimvua, umetoa mshindi ambaye bado hajataga hata mara moja. Ndiyo maana ya wavu wenye tundu la inchi 7, linalopimwa fundo hadi fundo wavu ukiwa umevutwa: mdogo apite.

Wala msiseme malezi ndiyo dawa. Nkejje, samaki wadogo wa ziwani wa aina nyingi, walitaga mayai machache na kuyatunza kinywani. Sangara alipoletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, malezi hayo hayakuwafaa kitu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi mno za nkejje zilikuwa zimetoweka. Nkejje walipoadimika, sangara aligeukia uduvi, mukene (dagaa) na watoto wa sangara wenzake.

Hapo ndipo mimi mwenyewe husita. Kanuni ya kuvua sangara wa sentimita 50 hadi 85 tu inataka majike makubwa yaachwe, kwa kuwa ndiyo yanayotaga zaidi. Lakini jike hilo hilo hula vijana wa ukoo wake, na sioni kwamba hesabu ya anachotoa na anachomeza imefungwa. Juu ya hayo, bondo, yaani kibofu cha hewa, la samaki mkubwa lina bei, kwa hiyo anawindwa. Na akinaswa usiku kwenye wavu wa makila, ule unaotegwa na kumnasa samaki matunduni, mara nyingi asubuhi huwa ameshakufa. Ukimrudisha majini, umerudisha mzoga.