"Ni kweli": maneno mawili kortini ambayo watu wanayatamka haraka sana

Ukiingia korti ya trafiki hapa Kenya Jumatatu asubuhi utasikia maneno mawili yakirudiwa mpaka uzoee, ni kweli, ni kweli, ni kweli. Karani anaita jina, anasoma shtaka kwa spidi ya makanga anayeita abiria, anauliza unasemaje, na dereva aliyelala seli wikendi yote anajibu ni kweli kabla hata swali halijaisha. Hakimu anaandika, faini inatajwa, anapanda mwingine. Wengi hapo wako sawa tu, manake mkanda kweli hawakufunga na wanataka kulipa warudi kazini. Shida ni kwamba huyo wa mkanda na yule aliyegonga mtu wako foleni moja, na wote wamepewa ushauri uleule na mtu wa hapo nje: we kubali tu, utapigwa faini uende.

Kwanza tuelewane shtaka ni nini. Kushikwa si kushtakiwa, unaweza kushikwa ukaandikisha taarifa ukaachiliwa na mambo yakaishia hapo. Umeshtakiwa pale kosa lako limeandikwa kwenye ile hati ya mashtaka, watu wanaiita chaji shiti, na hiyo karatasi ina vitu viwili vya kusoma: jina la kosa pamoja na kifungu cha sheria, alafu maelezo, yaani siku gani, barabara gani, gari namba gani na ulifanya nini. Watu wanakimbilia maelezo. Mi nasema anza na kifungu, manake kifungu ndio bei.

Na bei zinatofautiana vibaya sana. Kwenye orodha ya makosa madogo ya mwaka 2016, kukosa mkanda ni shilingi 500, kushika simu ukiendesha ni 2,000, kupita spidi kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa ni 10,000. Kwa hizo usitafute wakili, utamlipa kuliko faini yenyewe. Lakini Sheria ya Trafiki hiyohiyo, Sura ya 403, iko na kifungu cha 44 cha kuendesha ukiwa umelewa, iko na cha 47 cha kuendesha kwa njia ya hatari, na iko na cha 46, kusababisha kifo kwa kuendesha gari, ambacho kinaweza kukufunga mpaka miaka 10. Kwa hivyo mtu akikwambia "ah ni kesi ya trafiki tu" muulize kifungu gani.

Hapo ndipo watu wanachanganya, wanadhani trafiki ni upande mmoja na jinai upande mwingine, kumbe kesi ya trafiki kortini nayo ni jinai. Anayekushtaki si yule mama uliyemgonga, ni Jamhuri, na mwendesha mashtaka anafanya kazi chini ya ofisi ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ndio maana mama anaweza kukusamehe kabisa, mkanywa na chai, na kesi bado isomwe.

Sasa hiyo "ni kweli". Kuna kesi ya zamani inaitwa Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, na mpaka leo korti zinaifuata. Inasema shtaka lisomwe kwa lugha unayoielewa, jibu lako liandikwe kama ulivyolitamka, alafu mwendesha mashtaka asome mambo yalivyotokea na uulizwe tena kama unakubali. Hiyo mara ya pili ni dhahabu na watu wanalala hapo. Ukisikia kitu si hivyo, sema si hivyo, na hakimu anafaa kuandika kwamba umekana. Hata baadaye kabla hujahukumiwa unaweza kuomba kubadilisha jibu. Baada ya hapo mlango ni mwembamba, manake kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinasema aliyekubali mwenyewe hawezi kukata rufaa ya hatia, ila ya adhabu peke yake, kama imezidi au haiko kisheria.

Binamu yangu ni wa boda. Aligusa mama mmoja aliyetokea nyuma ya lori lililosimama, mama akavunjika mkono, yeye akashtakiwa kuendesha bila uangalifu. Akasema ni kweli, akalipa, akarudi stejini siku hiyohiyo akinunulia watu soda. Miezi kadhaa baadaye ikaja barua ya wakili wa mama, fidia. Sasa ndio anaanza kueleza habari ya lori. Kuna kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho inachukuliwa kama ushahidi kamili kwamba ulikosa, huwezi kuifungua tena kwenye kesi ya fidia. Bado unaweza kubishana kwamba naye mama alichangia, lakini kwamba we hukukosa, hiyo imeenda.

Kwa hivyo wakili ni wa lini? Kwangu mimi swali si faini ni ngapi, ni hivi: kuna mtu ameumia au amekufa, kifungu kinataja jela, au leseni ndio ugali wako? Moja tu ikiwa ndio, mpigie wakili kabla ya kizimba, na ikiwezekana kabla ya kuandikisha taarifa. Stesheni huna lazima ya kusema chochote, Katiba kifungu cha 49 kimekupa haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24 (ukishikwa Ijumaa usiku hesabu inakuchezea, unangoja mpaka siku ya korti).

Kitu kingine, dhamana si faini. Nimeona watu wakilipa pesa taslimu ya dhamana wakadhani wamemaliza, hawarudi tena, wanatolewa waranti ya kukamatwa na ile pesa inaenda. Ukihudhuria mpaka mwisho unarudishiwa, kwa hivyo risiti weka vizuri.

Pesa ya wakili hakuna? Kwa kesi nzito Katiba kifungu cha 50 inasema serikali ikupe wakili kama bila yeye utakosa haki kwa kiasi kikubwa, mauaji ndio mfano ulio wazi, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 kwa wasiojiweza. Na ata kama saa hiyo uko peke yako kizimbani, hakuna anayekulazimisha kusema ni kweli. Mwambie hakimu, "naomba muda nitafute wakili kabla sijajibu", au kana tu, kukana si kumuita polisi mwongo, ni kumwambia alete ushahidi. Binamu saa hii chaji shiti anaisoma mara mbili, ata ya wenzake wa steji.