Kubadilisha kidhibiti hakufuti data

Wasimamizi wengi wa mifumo ya kuhifadhi data mtandaoni huamini kwamba kidhibiti, yaani kompyuta inayosoma na kuandika data kwenye diski, kikiondolewa, data nayo huondoka, hivyo ni lazima kila kitu kinakiliwe kwingine kwanza. Imani hiyo si sahihi. Katika klasta (kundi la vidhibiti vinavyofanya kazi kama mfumo mmoja) ya kampuni ya NetApp inayotumia ONTAP, programu endeshi ya kampuni hiyo, data hukaa kwenye diski. Kidhibiti huzisoma na kuziandikia tu, na kila diski hubeba namba ya utambulisho ya kidhibiti kinachoimiliki.

Kwa kawaida vidhibiti hufanya kazi viwiliviwili, vyote vikiwa vimeunganishwa na diski zilezile. Data mpya ambayo haijafika kwenye diski hutunzwa katika kumbukumbu inayolindwa na betri, na nakala yake hupelekwa papo hapo kwa kidhibiti mwenza. Ndiyo maana kimoja kinapozimwa, kingine huchukua diski zake na kuendelea kuwahudumia watumiaji bila kupoteza chochote ambacho mfumo ulikwisha kuthibitisha kuwa umekipokea. Kidhibiti kipya kikishawekwa mahali pa kile cha zamani, umiliki wa diski huhamishiwa kwenye namba yake, nacho hurudishiwa kazi.

Hatari ya kweli, ambayo kwa maoni yangu haisemwi vya kutosha, hutoka kwa mtendaji: kuzima kidhibiti kabla ya kuhakikisha kwamba mwenzake anaweza kuchukua kazi yake, kukosa nakala ya funguo za usimbaji fiche pale data ya diski inapofichwa kwa funguo hizo, au kuchagua namba 4 kwenye menyu ya kuwasha, chaguo linalofuta diski zote za kidhibiti hicho.