Taipu C si jina la kasi

Pale Mwanjelwa, Mbeya, ukiulizia waya wa kuhamisha video utaambiwa: "Chukua wa Taipu C, ndio wenye spidi." Mdogo wangu alikuja nao, mnene, umefumwa kwa uzi mweusi. Tukahamisha gigabaiti 60 za video za harusi kwenda kwenye diski ya nje. Chai ikaisha, mstari bado uko katikati.

Taipu C, iliyotoka 2014, ni umbo la kichwa tu, kile bapa kinachoingia upande wowote. Nyuma ya kichwa hicho unaweza kukuta USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000 chenye megabiti 480 kwa sekunde, au USB4 inayofika gigabiti 40 na zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hata unene hausemi kitu: waya wa chaji wa wati 240 unaweza kuwa wa USB 2.0 kabisa.

Muuzaji simlaumu. Shirika la USB-IF lenyewe, linalosimamia viwango vya USB, ndilo lililovuruga majina. USB 3.0 ya 2008, yenye gigabiti 5, iligeuzwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1. Majina matatu, kasi ile ile! Inaudhi kweli, maana anayeumia ni mnunuzi. Tangu 2022 shirika hilo linataka kasi na wati ziandikwe wazi, mfano 40Gbps (yaani gigabiti 40 kwa sekunde) na 240W.

Kwa hiyo dukani geuza boksi, tafuta namba ya Gbps. Usipoiona, hesabu kuwa ni ule wa megabiti 480.